Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?
Somo kuhusu chotara na ubaguzi katika michezo ya kuigiza

Leo tunaanza na methali. Umewahi kusikia watu wakisema "mtoto wa nyoka ni nyoka"? Bila shaka. Labda hata wewe umewahi kuisema, kwa utani tu. Mtoto wa mwizi akionekana amesimama karibu na duka, mtu anaitoa. Binti wa mama aliyeachika akichelewa kurudi nyumbani, majirani wanaitoa. Maana yake ni kwamba tabia iko kwenye damu. Huna haja ya kumjua mtoto, wajue wazazi wake, basi, umemaliza.

Lakini kuna methali nyingine, nayo ni ya hapa hapa kwetu: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Hii inasema mambo mengine kabisa. Inasema angalia malezi, angalia mtoto amepitia nini, usikimbilie kuuliza amezaliwa na nani.

Lugha moja, methali mbili, na zinapingana. Utafuata ipi?

Katika somo hili tutazipima methali hizi mahali ambapo pengine hukutegemea: kwenye mchezo. Usicheke! Vijana wanapocheza wanajifunza, hata pale wasipojua kwamba wanajifunza.

MCHEZO GANI HUO?

Kama uko kwenye klabu ya vijana, au umewahi kukaa na waelimishaji rika, unalijua igizo dhima. Mmoja anakuwa muuguzi, mwingine anakuwa msichana anayetaka ushauri, mwingine baba mkali. Hakuna anayekariri maneno. Mnapewa hali, mnaingia ndani yake, mnaongea kama wahusika wangeongea.

Sasa chukua igizo dhima hilo, lilete mezani, ongeza karatasi, penseli na dadu. Hapo umepata mchezo wa kuigiza wa njozi. Unaojulikana zaidi unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Wachezaji wanakaa mezani. Mmoja ni mwongozaji: yeye anaeleza mji ukoje, mlango umefungwa au uko wazi, na anaigiza watu wote wa pembeni, kama mlinzi wa geti, mama muuza chakula au adui. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Mambo yakiwa na wasiwasi, kwa mfano unataka kuruka ukuta, unarusha dadu yenye pande 20 kuona kama umefaulu.

Kila mhusika ana karatasi yake yenye alama sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Ni kama ripoti ya shule. Ukisoma karatasi unajua huyu ni hodari wa nini na anasuasua wapi.

Hata kama hujawahi kukaa kwenye meza hiyo, huenda umekutana na kanuni zake kwenye kompyuta. Mchezo wa Baldur's Gate 3, uliotoka mwaka 2023, umejengwa juu ya kanuni za Dungeons & Dragons. Na michezo mingine mingi ambayo vijana wanacheza leo imeazima kitu fulani kutoka huko.

NUSU HUYU, NUSU YULE

Katika dunia hizi za njozi binadamu hawako peke yao. Kuna elfi, watu wenye masikio yaliyochongoka wanaoishi mamia ya miaka. Kuna orki, wenye miili mikubwa na meno yanayochomoza nje ya midomo. Elfi na orki walipata umaarufu kupitia kitabu cha J.R.R. Tolkien, The Lord of the Rings, kilichotoka kati ya mwaka 1954 na 1955. Humo orki ni jeshi la uovu. Wanazaliwa upande mbaya na wanakufa upande mbaya.

Watunzi wa mchezo wakawachukua elfi na orki hao. Kisha likaja swali ambalo kila jamii inakutana nalo: watu wa jamii mbili wakizaa, mtoto ni nani? Mchezo ukajibu kwa neno "nusu". Mtoto wa binadamu na elfi ni nusu-elfi. Mtoto wa binadamu na orki ni nusu-orki.

Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kiliwaweka wote wawili. Tena kilikuwa na jedwali lililoonyesha kila jamii inavyoionea jamii nyingine: hawa wanapendana, hawa wanavumiliana, hawa wanachukiana. Soma tena polepole. Chuki ilikuwa imeandikwa kwenye jedwali, kabla mtu yeyote hajakutana na yeyote!

Mwaka 1989 kitabu kipya cha wachezaji kikatoka, nusu-orki akawa hayumo. Mwaka 2000 akarudi, lakini tazama alivyorudi. Kanuni ilisema: mchezaji wa nusu-orki aongeze 2 kwenye nguvu, apunguze 2 kwenye akili, apunguze 2 kwenye haiba.

Tupige hesabu. Umerusha dadu, umepata 10 kwa kila alama. Ukicheza binadamu, unaandika 10 kwenye akili. Ukicheza nusu-orki, unaandika 8. Mtoto huyo hajatembea hatua moja ndani ya hadithi, hajaenda shule wala hajafungua mdomo, tayari amekatwa maksi za akili. Kwa nini? Kwa sababu ya mzazi wake. Mtoto wa nyoka ni nyoka, safari hii imeandikwa kwa tarakimu.

TATIZO LIKO WAPI HASA?

Hapa simama kidogo, maana ndipo kiini cha somo.

Mlinzi wa geti ndani ya hadithi akisema "nusu-orki ni wajinga", hiyo ni kauli ya mtu. Mtu anaweza kukosea. Unaweza kubishana naye, unaweza kumwonyesha, anaweza hata kukuomba radhi mwisho wa hadithi. Lakini kanuni ya mchezo ikisema nusu-orki ana akili pungufu, hapo mbaguzi hajakosea tena. Katika dunia ile mbaguzi anasema kweli! Utabishana na nani? Utaibishia karatasi?

Najua kuna mshikaji atasema, "Acheni hizo bwana, ni mchezo tu. Orki hawapo." Ni kweli, orki hawapo. Lakini anayecheza yupo. Huenda baba yake na mama yake ni wa rangi mbili, au dini mbili, au makabila mawili ambayo hayaivi chungu kimoja. Kila wiki anakaa mezani na kujifunza kwamba mtoto wa mchanganyiko anakuja duniani na pengo. Shirika la Afya Duniani linasema tangu mwaka 1948 kwamba afya ni zaidi ya kukosa ugonjwa. Ni kuwa mzima wa mwili, wa akili, na katika maisha yako na wenzako. Kwa hiyo hili nalo ni suala la afya.

DAMU HAINA NUSU

Tuulize sayansi. Karibu kila mtu alianza kama chembe moja yenye kromosomu 46. Kwa kawaida, 23 zilitoka kwa mama na 23 zikatoka kwa baba. Mimi ni hivyo, wewe ni hivyo, mwalimu wako mkuu ni hivyo. Kumbe kila mtu ni nusu kwa nusu! Hakuna mtu "kamili" ambaye chotara amepunguziwa kutoka kwake.

Binadamu wawili wowote, hata mmoja awe wa Kigoma na mwingine wa Norwei, wanafanana kwa takriban asilimia 99.9 ya maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe zao. Na damu je? Kuna makundi ya A, B, AB na O, na makundi hayo yanapatikana kwa watu wa kila rangi. Siku ndugu yako akihitaji kuongezewa damu, wataalamu watapima kundi na usalama wa damu hiyo. Hawatauliza mchangiaji ni kabila gani.

KANUNI KAMA HIZO ZILIANDIKWA KWA WATU WA KWELI

Usidhani majedwali ya aina hii yapo kwenye michezo tu. Mwaka 1950 serikali ya Afrika Kusini ilitunga sheria ya kuwaandikisha wananchi wote kwa mbari. Maofisa walikaa ofisini kuamua huyu ni mweupe, huyu ni mweusi, huyu ni "wa rangi", yaani mchanganyiko. Neno moja kwenye karatasi liliamua utaishi wapi na mtoto wako atasoma wapi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991.

Karibu nasi zaidi, Kongo, Rwanda na Burundi zilipokuwa chini ya Ubelgiji, watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama Mwafrika walihesabiwa kuwa tatizo. Wengi walichukuliwa kwa mama zao na kupelekwa kwenye vituo vya wamisionari. Mwezi wa Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya nchi yake. Wanawake watano waliochukuliwa Kongo walipokuwa wadogo, hawajafika miaka saba, walikwenda mahakamani. Mwaka 2021 walishindwa. Hawakukata tamaa. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema kitendo kile kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaamuru serikali imlipe kila mmoja euro 50,000.

Jiulize: watoto wale walikuwa wamekosa nini? Hakuna walichokosa. Waliadhibiwa kwa sababu ya mahali walipoangukia kwenye jedwali la mtu mwingine.

NA SISI JE?

Tusiwanyooshee wengine vidole tu. Sikiliza maneno yetu. Tunasema "chotara". Ni neno la kawaida, na wapo wanaojiita hivyo kwa fahari. Lakini tunasema pia "kuku chotara" na "ng'ombe chotara", tukimaanisha mifugo iliyochanganywa ili itage zaidi au itoe maziwa mengi. Kisha tunamgeukia mwanafunzi mwenzetu na kumwita kwa neno lile lile. Wengine wanasema "hafukasti". Nairobi wapo wanaosema "pointi", yaani nukta tano, nusu ya kitu. Hujawahi kumwuliza mwenzako anajisikiaje? Muulize. Muulize pia yeye mwenyewe anapenda kuitwaje. Mara nyingi jibu ni rahisi: jina lake.

Na si rangi tu. Baba wa kabila hili, mama wa kabila lile. Mtoto akifaulu mtihani, shangazi anasema, "Damu yetu hiyo!" Akivunja kikombe, anasema, "Ndivyo walivyo kwao mama yake." Mtoto yuko pale pale sebuleni, anasikia. Anaanza kujigawa: sehemu nzuri ya huku, sehemu mbaya ya kule. Hiyo ndiyo karatasi ya nusu-orki, ila imeandikwa kwa mdomo.

WENYE MCHEZO WALIFANYA NINI?

Baada ya miaka mingi ya malalamiko na mijadala, kanuni zimebadilika. Katika kitabu cha mwaka 2014 nusu-orki hakukatwa tena akili wala haiba. Aliongezewa nguvu na ustahimilivu tu. Mwaka 2020 kitabu cha nyongeza, Tasha's Cauldron of Everything, kiliruhusu mchezaji azihamishe nyongeza hizo apendavyo. Kwa hiyo ukitaka orki msomi, ruksa. Mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni ilitangaza kuacha neno lenye maana ya mbari na kutumia neno spishi. Na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 nyongeza za alama hazitokani tena na wazazi wa mhusika. Zinatokana na maisha aliyopitia: alikuwa mkulima, baharia, askari au msomi. Umeona? Mchezo umehama kutoka methali ya nyoka kwenda methali ya malezi!

Lakini kitabu hicho hicho kimefanya jambo jingine. Orki amepewa nafasi yake kamili, ila nusu-orki na nusu-elfi wameondolewa kwenye orodha. Wapo wachezaji waliofurahi, wakisema neno "nusu" lenyewe lilikuwa tusi. Wapo walioumia, wakiwemo watu wa asili mchanganyiko. Walisema: mhusika pekee aliyefanana na sisi, mmemtoa. Wanaopenda bado wanaweza kutumia kanuni za mwaka 2014. Mchezo mwingine, Pathfinder, ulichukua njia tofauti katika kitabu chake cha mwaka 2023. Uliwabakiza wahusika hao ila ukawapa majina yao wenyewe: aiuvarin kwa wa binadamu na elfi, dromaar kwa wa binadamu na orki. Hakuna tena kuitwa nusu ya mtu.

Sisi tunaona yapo makosa mawili ya kuepuka. Kosa la kwanza ni kusema chotara ana kasoro. Kosa la pili ni kujifanya hayupo. Kijana anayetaniwa shuleni hasaidiwi na anayemcheka, wala hasaidiwi na anayesema, "Hapa kwetu hakuna mambo hayo."

SASA WEWE UTAIGIZAJE?

Iwe mnacheza mchezo wa dadu, iwe mnatunga igizo la klabu au hadithi ya darasani, fuateni hatua hizi.

1. Wekeni ubaguzi midomoni mwa watu, msiuweke kwenye damu. Mhusika mmoja aweza kuwa mbaguzi. Sheria za mji zaweza kuwa mbaya. Lakini kanuni za mchezo wenu zisimkate mtu akili kwa sababu ya wazazi wake.

2. Mpe mhusika wako ukoo. Mama yake alimwimbia nini? Kwa bibi walikula chakula gani? Anaongea lugha ngapi? Mtoto wa pande mbili mara nyingi anajua salamu za pande mbili na vichekesho vya pande mbili. Siyo kila chotara analia usiku.

3. Ubaguzi uwe na chanzo. Watu hawaamki asubuhi wakachukia tu. Kuna vita vilivyopita, ardhi iliyogombewa, woga, au mkubwa fulani anayenufaika watu wakigombana. Chanzo kikijulikana, wahusika wanapata kitu cha kufanya.

4. Msitumie matusi ya kweli. Kama hadithi inadai tusi, buni neno la dunia ile. Neno ambalo mwenzenu ameitwa jana njiani lisirudi kwake leo mezani.

5. Usimpangie mtu mhusika kwa kuangalia sura yake. "Wewe cheza nusu-orki, mnafanana!" Hapana. Mwenye asili mchanganyiko anaweza kutaka kucheza malkia wa elfi au mvuvi. Hana wajibu wa kuwa mwalimu wenu kila Jumamosi.

6. Kubalianeni kabla ya kuanza. Hili ni muhimu sana. Hadithi nyingi za zamani zilimpa mhusika chotara chanzo kimoja tu: mama yake alibakwa. Hata Tanis, nusu-elfi maarufu wa hadithi za Dragonlance zilizoanza mwaka 1984, alipewa asili hiyo. Ubakaji ni jeraha la kweli, na hujui nani hapo mezani ameupitia. Wazazi wa mhusika wako wanaweza kuwa walipendana, wakaoana, basi. Mtunzi wa michezo Ron Edwards alileta utaratibu wa mistari na mapazia. Mstari ni jambo ambalo halitaingia kabisa kwenye mchezo wenu. Pazia ni jambo linaloweza kutajwa, lakini halionyeshwi. Mwingine, John Stavropoulos, alibuni kadi yenye herufi X inayowekwa katikati ya meza. Yeyote akiigusa, tukio linaachwa mara moja. Haulizwi kwa nini.

7. Mkimaliza, vueni uhusika. Kama kwenye igizo dhima, aliyecheza mbaguzi aseme jina lake halisi na aseme, "Yale yalikuwa maneno ya mlinzi, si yangu." Ni sekunde kumi tu, lakini mtu anakwenda nyumbani moyo ukiwa mwepesi.

TUJARIBU PAMOJA: GETINI

Tuseme mko watano. Mmoja wenu anacheza Mori. Mama yake Mori ni orki, baba yake ni binadamu, fundi seremala. Kundi zima limefika kwenye geti la mji jioni.

Namna ya kwanza. Mwongozaji anasema: "Mlinzi anawaangalia. Wanne mnaingia. Mori, wewe hapana, mji huu nusu-orki hawatakiwi. Haya, wenzako wameshaingia sokoni." Kisha kwa saa nzima wanne wanacheza sokoni, na aliyeshika karatasi ya Mori anachezea penseli. Umeona kilichotokea? Aliyefungiwa nje si Mori peke yake. Rafiki yenu wa kweli amefungiwa nje, na hapewi chochote cha kufanya isipokuwa kusubiri.

Namna ya pili. Mwongozaji anasema: "Mlinzi anamtazama Mori, kisha anatazama chini. Anasema, 'Mwaka wa njaa watu wa kwenu walichoma ghala letu. Mdogo wangu alikuwa ndani.' Nyuma yake mama muuza maji anaingilia, 'Wewe nawe! Huyu si mtoto wa seremala? Mlango wangu katengeneza nani?' Mlinzi anasema, 'Amri imetoka kwa chifu, mama. Nikimruhusu nafukuzwa kazi.' Mori, unafanya nini? Na ninyi wengine, mnafanya nini?"

Ubaguzi upo, tena unauma. Lakini sasa uko kwa watu: mlinzi mwenye msiba, chifu mwenye amri, mama mwenye ushahidi. Mori anaweza kumpa mlinzi pole. Anaweza kukasirika, ana haki hiyo. Anaweza kwenda kwa chifu. Zingatia pia swali la mwisho, "Na ninyi wengine?" Wenzake wanaweza kusema, "Kama haingii, hatuingii." Jambo hilo hata nje ya mchezo linawezekana. Ukilifanyia mazoezi mezani, siku moja njiani ulimi hautakuwa mzito.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja methali au msemo mwingine wa kwenu unaosema tabia iko kwenye damu. Je, kuna unaoupinga?
2. Umewahi kusikia mtu mzima akisema "ndivyo walivyo kwao"? Mtoto aliyesemwa alifanya nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya mlinzi kusema Mori ni mjinga, na karatasi ya Mori kusema hivyo?
4. Je, ni afadhali kumtoa mhusika chotara kwenye mchezo, au kumbakiza na kumwandika vizuri? Gawaneni makundi mawili mbishane, kisha badilishaneni pande.

ZOEZI LA NYUMBANI

Chora karatasi ya mhusika wako mwenyewe, wewe wa kweli. Weka zile alama sita. Mbele ya kila moja andika umeipata wapi. "Ustahimilivu: kuteka maji mbali tangu nikiwa darasa la tatu." "Haiba: naongea sana, nimeiga kwa babu." Utashangaa ni mambo mangapi yametoka kwenye malezi, mazoezi na watu waliokupenda.

UKISUMBULIWA

Kama unataniwa, unatukanwa au unatengwa kwa sababu ya asili yako, usikae nalo kimya. Siyo kosa lako, na wala hujapungua. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au mwalimu wa ushauri nasaha, au nenda kituo cha vijana kilicho karibu. Tanzania, Kenya na Uganda unaweza kupiga simu namba 116, ni huduma ya kuwasikiliza watoto, na hulipi chochote.

Na kama wewe ndiye uliyezoea kutania? Hata wewe bado ni mwenzetu. Kesho anza na jambo moja dogo: mwite kwa jina lake. Halafu mkaribishe mezani, mpe dadu, arushe.